Muuzaji kwenye filamu lazima awe tapeli?

Baiskeli ya Chumbageni

Natembeza taa za sola na redio ndogo hapa Tanga, mwaka wa 6 huu. Baiskeli yangu inaamkia Chumbageni, ikichoka iko Pongwe au Tongoni. Nina jambo linanikera, tulijadili bila matusi.

Kampuni niliyokuwa naiuzia ilituita semina, ukumbi mmoja upande wa Raskazone. Chai, maandazi, kisha mkufunzi kutoka Dar akawasha projekta. Kipande cha *The Wolf of Wall Street*, ile filamu ya 2013 ya Leonardo DiCaprio. Jamaa anamkabidhi mwenzake kalamu: haya, niuzie. Mwenzake anaipokea, anamwambia niandikie jina lako hapo. Hana kalamu. Basi, kauziwa. Ukumbi mzima makofi.

Mkufunzi hakutuambia yule jamaa ni nani. Ni Jordan Belfort, mtu wa kweli, aliyewauzia watu hisa za ovyo kwa simu mpaka akafungwa. Alikaa ndani miezi 22. Watu wazima 30 na kitu tunafundwa na mfungwa, na kwenye daftari tunaandika.

Hoja yangu: filamu zinatuonea. Muuzaji akitokea, ni mwongo. Asipokuwa mwongo, ni wa kuhurumiwa. Zinaonyesha maneno tu, na kwenye kazi hii maneno ni dakika 5. Kilichobaki ni kurudi. Taa ikigoma Mabawa, mlango unaogongwa saa 2 usiku ni wangu. Yule wa filamu anamuuzia mtu asiyemjua, hatakaa naye msibani.

Mama wa Makorora

Pole mwanangu. Mimi filamu sizijui, najua vikaango. Alikuja kijana barazani kwetu, tai shingoni na jua la saa 8 lile, shikamoo zake zimepangika kama tasbihi. Akaomba jiko. Akavunja yai, mafuta hakutia hata tone, akalirusha juu likageuka likatua. Tulikuwa wanawake wanne, wote tukaguna. Sh 45,000, nusu sasa, nusu mwisho wa mwezi. Nusu ya pili alikuja kuichukua mapema, eti anasafiri. Wiki ya 3 yai likang'ang'ania kama kupe, na namba yake ndiyo hiyo haipatikani hadi leo.

Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Yule alikuwa waja leo hasa. Na wahenga hawakuwahi kuona sinema lakini walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kijiwe cha Kahawa

Shikamoo mama. Machungwa ya Muheza ni mema, na kila siku yanatembezwa kwenye madirisha ya mabasi. Methali hiyo aliitunga mwenye duka.

Mwalimu wa Pongwe

Mama hajakosea. Marekani kwenyewe, zinakotoka hizi filamu, wauza mlango kwa mlango waliwachosha watu hadi ikawekwa kanuni miaka ya 1970: aliyeuziwa kitu nyumbani kwake ana siku 3 za kughairi na kurudishiwa fedha zake. Sinema haikutunga tabia hiyo, iliikuta. Na tuseme kweli, muuzaji anayerudi kesho kubadilisha betri ni jirani mwema, lakini nani atakata tiketi kumtazama?

Binti wa Donge

Mimi niko na kaka wa baiskeli, ila hajataja filamu inayoniudhi zaidi, ile wanayosema inatusifu. *The Pursuit of Happyness*, 2006. Will Smith ni Chris Gardner, anabeba mashine ya kupima mifupa ofisi hadi ofisi, madaktari hawaitaki, mpaka analala na mwanawe kwenye choo cha kituo cha treni. Furaha inakuja lini? Anapopata kazi kwenye kampuni ya hisa. Yaani kutembeza ni adhabu, ukiimaliza unapewa kiti.

Dalali Mstaafu

Na kwenye hisa alikwenda kufanya nini, binti yangu, kama si kuuza? Ila ameketi, basi anaitwa mheshimiwa.

Sasa mniache niseme, maana nimekula mkate wa kazi hii miaka 11, nyumba na viwanja. Mwenye nyumba akitaka 150,000 kwa mwezi, mimi kwa mpangaji nasema 180,000. Hiyo 30,000 ndiyo cha juu. Mwenye nyumba anajua, mpangaji anahisi, na mimi nalala usingizi. Kwa hiyo sitajifanya malaika.

Filamu iliyonikalisha kitako ni *Glengarry Glen Ross*, ya 1992. Ofisi ya wauza viwanja. Usiku wa mvua anatumwa bwana mmoja, Alec Baldwin, anatangaza mashindano: wa kwanza gari la Cadillac, wa pili seti ya visu vya nyama, wa tatu kazi hana. Kuna mzee pale, Jack Lemmon, binti yake yuko hospitali. Anamwomba meneja ampe zile kadi zenye majina ya wateja wa maana. Ananyimwa. Anabembeleza, anaahidi na rushwa, anakosa hata ya kutanguliza. Mwisho kadi zinaibiwa, na mkono wake umo. Pale nilisimamisha filamu nikaenda kunawa uso.

Kisa hicho kilianza kama tamthilia ya jukwaani, na yule bwana wa visu hakuwamo. David Mamet alimwongeza alipoandika filamu. Mimi naona alifanya la maana kuliko yote: kamwonyesha mwongo, kisha kamwonyesha na aliyemtuma. Mdogo wangu, filamu haikukutukana. Umeikasirikia kalamu, ukamwacha aliyewasha projekta.

Kijiwe cha Kahawa

Mzee leo kaweka na cha juu cha elimu.

Mama wa Makorora

Aliyemtuma yule wa vikaango simjui na sitamjua. Barazani kwangu alikuja yeye.

Baiskeli ya Chumbageni

Mama, hapo sina jibu. Mzee, umenigusa mahali, na kwa kuwa wewe umesema lako, nami nitoe langu.

Ile kampuni tageti ilikuwa taa 40 kwa mwezi. Ukifika 39, kamisheni sifuri. Mwezi uliofuata semina nilikuwa na 37, tarehe 30, jioni. Nikapita kwa mzee mmoja Mabawa ananipenda kama mwanawe. Nikamwambia bei inapanda kesho. Haikuwa inapanda. Nikamuuzia taa 3, na juu ya kichwa chake pale tulipokaa kulikuwa na balbu inawaka.

Hiyo kampuni nimeshaiacha. Mzee nilikutana naye tena msibani, wiki kadhaa baadaye, mkeka mmoja, tunapokezana kisomo. Nikasubiri aniseme. Hakusema kitu. Tulipoinuka akanishika bega, akaniuliza zile redio nazo bado ninazo.