Siku saba za Februari: Kitulo, Rungwe na Matema tuzipange vipi?

Mgeni wa Uyole

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninafanya kazi Mbeya tangu mwaka jana. Mwezi wa Februari nitawapokea shemeji zangu wawili ambao hawajawahi kufika Nyanda za Juu Kusini. Wanataka kuona maua ya Kitulo, misitu ya Rungwe na Ziwa Nyasa, na pia wanataka kujua wenyeji wa huku wanavyoishi.

Nina maswali mawili. Je, mvua za Februari hazitatuharibia safari? Na je, tufike wapi ili tujifunze mila bila kuwageuza watu kuwa maonyesho? Mwaka jana nililipia matembezi ya kijijini katika mkoa mwingine, tukachezewa ngoma kwa robo saa, tukapiga picha, tukarudishwa garini. Hakuna aliyetueleza ngoma ile huchezwa lini wala kwa sababu gani, na wazee walioicheza hatukupata hata nafasi ya kuwaamkia. Jambo hilo linanisumbua hadi leo.

Mkazi wa Matamba

Karibu sana, ndugu. Mvua hiyo unayoihofia ndiyo inayoyaleta maua. Kitulo huchanua kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na mgeni anayekuja Agosti kwa kuwa barabara ni kavu atakuta nyasi na baridi kali tu. Kwa hiyo Februari ni chaguo zuri, mradi mpate gari lenye nguvu na dereva anayeifahamu barabara ya kupanda kutoka Chimala hadi Matamba, ile tunayoiita Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona zake. Ikinyesha, msipande jioni.

Uwanda huo wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, nao una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413. Kilichofanya ulindwe ni mimea yake hasa, si tembo wala simba, na humo mna aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini. Waelezeni shemeji zenu kwamba viazi vya okidi hizo huchimbwa kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na kwamba biashara hiyo imezipunguza mno katika maeneo mengi ya nyanda zetu. Ninawaomba watembee katika njia zilizopo, kwa maana ua lililokanyagwa kabla ya kutoa mbegu halitaacha kizazi mahali pale.

Mjukuu wa Rungwe

Nakubaliana na ndugu wa Matamba, nami naongeza kuhusu Rungwe. Wengi huipanda milima hii wakidhani kwamba msitu ni jambo moja na mila ni jambo lingine. Chukueni habari ya kipunji. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani huyo katika masimulizi yao ya uwindaji, na masimulizi hayo ndiyo yaliyowafanya watafiti wamtafute hadi wakamwona mwaka 2003. Jina la kisayansi alilopewa baadaye limebeba vyote viwili, Rungwe na kipunji. Kumwona si rahisi, kwani hukaa juu ya miti, lakini mtembezi mwenyeji atawaonyesha mengi ambayo jicho la mgeni huyapita.

Ziwa Ngozi nalo ni hivyo hivyo. Mtapita msituni na kwenye mianzi hadi ukingoni, na chini mtaliona ziwa lililojaa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano. Kuna watu wanaoyaheshimu maji yale kama dawa, kwa hiyo mwulizeni anayewaongoza lipi linafaa kufanywa pale na lipi halifai, kabla hamjaanza kupanda. Mkikutana na wazee, waamkieni kwa "mugonile". Mtaona nyuso zinavyobadilika.

Mama wa Kyela

Mwanangu, kwa swali lako la pili ninakuelekeza Ikombe. Ni kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, na kutoka Matema mnafika kwa mtumbwi au kwa miguu. Wanawake wa huko hufinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, kisha huvisugua vikalainika na kuvichoma. Hiyo ni kazi yao ya kila siku inayowalisha watoto, iwe mgeni amekuja au hakuja. Basi kaeni chini mtazame tangu udongo unapokandwa, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mkinunua chungu lipeni bei anayoitaja mfinyanzi mwenyewe bila kumbana. Jumamosi kuna mnada Lyulilo, jirani na Matema, ambako mtaona vyungu vikinunuliwa na watu wanaokwenda kuvipikia.

Mgeni wa Uyole

Shikamoo mama, nawashukuru nyote. Nimebadilisha mpango: siku mbili Kitulo, mbili Rungwe, na tatu za mwisho Matema ili Jumamosi itukute huko. Nilitaka kuongeza Iringa tukaone zana za mawe za kale za Isimila na makumbusho ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga, lakini naona tutakuwa tunakimbia tu.

Mama wa Kyela

Marahaba mwanangu. Iringa iacheni kwa safari nyingine. Na muwe na kitenge cha kukalia mkifika Ikombe, kwa maana huwezi kujifunza kufinyanga ukiwa umesimama.