"Kama huna hela, ulizaa ya nini?" Haya ndiyo niliyoambiwa kaunta kisa kopo la mafuta!

Wakuu, naandika hata viatu sijavua.

Yule dada wa kaunta. Simtaji, mnamjua, yule anayeshusha miwani hadi ncha ya pua kabla hajakujibu. Leo ilikuwa zamu yangu.

Nimeenda kununua mafuta ya mgando ya kichanga. Makopo mawili, rafu moja, kampuni moja. La kawaida na la watoto: dogo zaidi, bei juu, limechorwa dubu kalala. Nikayageuza nikasoma nyuma. La kawaida: jeli ya petroli, basi. La dubu: jeli ya petroli NA manukato. Yaani kichanga ndiye kaongezewa kitu, tena kile kinachowawasha wenye ngozi laini! Nikamuuliza kwa adabu zote nilizofunzwa, "Dada, hapa tofauti ni nini zaidi ya dubu?"

Kashusha miwani. Foleni nzima kimya.

"Kaka, kama huna hela, ulizaa ya nini?"

ULIZAA YA NINI! Mbele ya watu kama elfu saba! Bibi mmoja nyuma yangu kacheka mpaka kashika ukuta. Hata kichanga cha watu mgongoni kilicheka, na meno hakina! Mimi nimeulizia viambato, sijaulizia uzazi wangu. Mgando kazi yake ni kuzuia unyevu usitoke kwenye ngozi, haujui mtu ana umri gani. Na ile miwani! Angesema bila kuishusha, labda ningesamehe.

Ulizaa ya nini...

Kifuniko: Pole mkuu. Ukamjibu nini?

Mleta uzi: Nilisema asante.

Kifuniko: ASANTE 😂😂😂 Wasimamizi fungeni uzi.

MamaPacha: Wewe una nafuu. Mimi aliniuliza kama nina uhakika ni mapacha.

Ngozi_Ngumu: Kwa mgando, mleta uzi yuko sahihi. Ila msije mkabeba na ile ya kuchua kifua ya wakubwa mkampaka kichanga. Ile ina kafuri, haipakwi mtoto wa chini ya miaka 2. Na krimu ya nepi someni zinki ni asilimia ngapi: zipo za 10, zipo za 40. Dubu hahusiki.

Kifuniko: Daktari kaingia. Sisi bado tuko kwenye "asante".

Mleta uzi: Nilipaniki! Ungeona ile miwani inavyoshuka.

Chapchap: Dubu kitu gani? Mbona nyembe za wanawake hamzisemi? Wembe ule ule, mpini wa waridi, bei imeota mabawa.

Mzee_wa_Kona: Afadhali nyembe. Mke wangu kaniletea shampuu ya watoto, eti haitoi machozi. Nimelia kama nimefiwa.

MamaPacha: Hahaha mzee, ulifumbua macho makusudi?

Mzee_wa_Kona: Nilikuwa naijaribu.

Chapchap: Ya chupa ya njano? Mimi ilinikausha nywele zikawa kama fagio.

Mleta uzi: Jamani, mtu kaniambia ulizaa ya nini...

MamaPacha: Subiri kidogo kaka. Mzee, hiyo shampuu unaisuuza na maji ya moto au baridi?