Mafuriko ya Rufiji 2024: Bwawa la Nyerere liliyapunguza au liliyaleta?

Mwana Ikwiriri: Wakuu, salaam. Aprili 2024 maji yalimeza Muhoro, mpunga ukaenda nao. Serikali ikasema bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi. Wenye ujuzi naomba mtueleze: tuta la mita 131 limesimama pale juu, maji yametufikiaje?

Fundi Zege: Bwawa si pipa la mfuniko, kaka. Likijaa, unafungua mageti. Usipofungua, maji yanapanda juu ya tuta. Banqiao kule Uchina, 1975, tuta lilikuwa la udongo. Maji yalipita juu yake likakatika, wakafa watu makumi ya maelfu. Letu ni zege lililoshindiliwa kwa rola, tabaka juu ya tabaka, linauzuia mto kwa uzito wake. Lakini hata zege haligeuzi masika kuwa kiangazi. Na tuambiane ukweli, anayejenga bondeni anajua anapojenga.

Kidatu Darasa la Saba: 1968 na 1998 Rufiji haikufurika? Bwawa lilikuwepo?

Mjukuu wa Mlau: Fundi, hayo ya zege nimekuelewa. Hilo neno lako la mwisho limenichoma. Bibi yangu alikaa kwenye dungu: nguzo za miti, ngazi, kuku huko huko juu, mtumbwi umefungwa chini. Mafuriko yalikuwa mgeni wetu wa kila mwaka. Yakishaondoka, udongo bado una unyevu, tunapanda mlau: mahindi, kunde, mboga. Hakuna aliyetununulia mbolea, mto ulituletea. Usituite watu wasiojua wanapojenga.

Fundi Zege: Sijamtukana mtu, mama. Ila baada ya yale ya 1968 si serikali iliwahamisha mkaenda nchi kavu? Operesheni Rufiji. Hatari ilijulikana tangu hapo.

Mjukuu wa Mlau: Kwanza mimi si mama, mimi ni kaka yako. Pili, walihamisha nyumba, mashamba yakabaki bondeni. Mzee wangu alikuwa akiondoka alfajiri kwenda kufukuza nguruwe na ngedere, anarudi usiku. Ukikuta kibanda bondeni leo, usimwambie mwenyewe ni mkaidi. Muulize atalindaje mahindi yake akiwa kilomita kumi mbali.

Mwana Ikwiriri: Wakuu, swali langu lilikuwa la mageti.

Pwani Tupu: Mageti yataeleweka tukiangalia Misri. Makandarasi wa bwawa letu ni wa kwao, na mto wao waliufunga kwa Bwawa Kuu la Aswan, 1970. Umeme walipata, na mafuriko yale ya kila mwaka yakakoma. Tope lililorutubisha mashamba likabaki ziwani, wakulima wakaingia dukani kununua mbolea, na bahari ikaanza kuila delta. Mimi naishi kwa kambamiti wa delta ya Rufiji. Kambamiti wanataka maji ya mto na tope. Miaka ishirini ijayo nani atanijibu?

Kidatu Darasa la Saba: Kwa hiyo tukae gizani kwa ajili ya kambamiti? Megawati 2,115 hizo! Bwawa la Kidatu zima ni 204.

Pwani Tupu: Nimesema kambamiti, sijasema giza. Kwenye bwawa la umeme la Kihansi umeme haukuzimwa, lakini vyura wa pale walipokosa mnyunyizo wa maporomoko wakatoweka porini, ikabidi warudishwe kutoka Marekani walikokuwa wakifugwa na kufungiwa mabomba ya kuwanyunyizia. Chura kafungiwa bomba. Mvuvi je?

Fundi Zege: Hapo umenikamata, nakubali. Maji ya kulisha delta yanaweza kuachiwa kwa ratiba, mageti yapo kwa kazi hiyo pia. Ni uamuzi, si uhandisi. Na kaka wa mlau, lile neno nalirudisha.

Mjukuu wa Mlau: Nimelipokea. Basi hiyo ratiba itufikie na sisi. Mwaka ule tulisikia kipaza sauti cha msikiti baada ya isha, "maji yanakuja, tokeni." Nilibeba watoto wawili na gunia moja la mpunga. Jirani akarudi kuchukua mbuzi, maji yakamkuta kiunoni. Ukiniuliza mimi, ningeanza na siku ngapi mtu wa bonde anapewa kabla geti halijafunguliwa.

Mwana Ikwiriri: Huku kwetu hatukupewa hata moja. Wa Utete, nyie mliambiwa lini?