Nina siku moja Kigali na mwanangu wa miaka 13, nimpitishe wapi?

BabaSamiri
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nampeleka mwanangu Kampala kwa shangazi yake, tutapitia mpaka wa Rusumo na kupumzika Kigali. Tutakuwa na siku moja nzima pale, Jumamosi. Kijana ana miaka 13, shuleni wamegusia mauaji ya kimbari ya 1994 na maswali yake yananizidi. Nataka aone, ila sipendi tuonekane tumekuja kupiga picha kwenye msiba wa watu. Mji wenyewe pia nataka aufurahie. Mnaoishi huko, tuanzie wapi? Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji hayo, panamfaa mtoto?

BintiNgara
Karibu sana, Baba Samiri. Mimi ni wa Ngara, Tanzania, naishi mtaa wa Nyamirambo hapa Kigali mwaka wa tisa huu, nauza vitenge. Wageni wa nyumbani nawatembeza mwenyewe, kwa hiyo nakwambia ninavyofanya.

Angalia hiyo Jumamosi isiwe ya mwisho wa mwezi. Ikiwa ndiyo, mpaka saa tano asubuhi watu wapo kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wanafyeka na kuzibua mitaro, maduka yamefungwa, na Gisozi wenyewe huchelewa kufungua. Ukivuka mpaka rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Mifuko ya plastiki iacheni upande wetu, huku imepigwa marufuku tangu 2008.

Gisozi nendeni asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Kiingilio hakuna. Bodaboda hapa hubeba abiria mmoja tu, naye lazima avae kofia, kwa hiyo chukueni mbili na uwaombe madereva wasiachane. Anzeni nje, kwenye makaburi. Ni mabamba mapana ya zege, hayana nakshi yoyote, na chini yake wamelazwa watu zaidi ya 250,000. Mwache kijana asimame hapo mpaka aridhike.

Ndani kuna chumba cha picha zilizoletwa na familia. Zimebanwa kwa vibanio kwenye nyaya, kama nguo zilizoanikwa: watu wa harusini, watoto, mtu amesimama tu mbele ya nyumba yake. Mimi hukaa hapo kuliko kwenye maelezo yote ya ukutani. Chumba cha watoto kiko juu. Kila mtoto ana picha kubwa, na kibao chini yake kinasema alipenda kula nini, alipenda mchezo gani, halafu kinasema aliuawaje. Wa miaka 13 ataelewa kila neno. Ingia wewe kwanza, utoke, ndipo uamue. Mpwa wangu wa miaka 14 alisoma vibao viwili akaniambia, "Shangazi, twende nje." Tulikaa bustanini karibu saa nzima. Sikumwuliza kitu, na alipoanza kuongea mwenyewe nilimsikiliza.

Simu ziwe mfukoni mkiwa ndani. Na mweleze mapema: asimwulize mtu yeyote kama ni Mhutu au Mtutsi. Zamani kitambulisho kiliandikwa kabila, na mwaka ule kwenye vizuizi vya barabarani karatasi hiyo ndiyo iliyoamua nani afe. Siku hizi haiandikwi. Mwenye kutaka kukusimulia yaliyompata atakusimulia mwenyewe.

Mkitoka Gisozi msikimbilie makanisa ya Nyamata na Ntarama, waliyouawa watu waliokimbilia humo, siku hiyohiyo. Najua wengi hufanya hivyo, lakini kwa mtoto naona ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba. Njooni Nyamirambo. Pale Biryogo kuna mtaa uliofungwa magari, lami imepakwa rangi, watu wanakaa nje wanakunywa chai ya maziwa na chapati, na Kiswahili utakisikia kila kona. Waislamu wa huku wanakumbukwa kwa kuwaficha majirani zao. Mle, mcheke, kijana aone watu wanaishi.

Mwl_Kyaka
Dada amemaliza yote, mimi naongeza moja. Mwanzo wa safari yenu si Gisozi, ni daraja la Rusumo. Mto ule ni Kagera. 1994 nilikuwa nafundisha huku Kyaka, na miili ilipita na maji kuelekea Ziwa Viktoria. Watu waliacha kula samaki. Mwonyeshe kijana ule mto, aelewe kwamba jambo hili lilifika kwetu.

BabaSamiri
Shikamoo mwalimu. Hilo sikulijua kabisa. Dada asante sana, nimeangalia kalenda, Jumamosi yetu ni ya pili ya mwezi. Je, kule Rusumo kuna cha kuonyesha zaidi ya mto?

BintiNgara
Kibao cha kusoma sijakiona. Muda wa kugonga pasi ukiisha, simameni mtazame maporomoko, halafu mgeukie barabara inayokuja Tanzania. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walipita hapo kwa siku moja. Nilikuwa na miaka minane. Walipita mbele ya nyumba yetu na magodoro kichwani, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya miguu. Mama aliinjika sufuria kubwa ya maharage akaniambia nishike kata nigawe. Sufuria iliisha, foleni ya watu haikuisha, nikabaki nimeshika kata pale mlangoni mpaka giza likaingia.