Bure si huria! Nimechoka na hizi "programu za kupima waifai ndani ya nyumba"

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mie si mtu wa kufungua nyuzi, kazi yangu kusoma na kupita. Leo nna hasira na kahawa tatu tumboni, mnistahamilie.

Kuna Bi mkubwa ana nyumba ya wageni Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, orofa tatu, vyumba tisa. Nyumba ya kale khasa, mawe na chokaa, kuta nene hadi mtoto anakaa ndani ya dirisha na andazi lake na nafasi inabaki. Mwaka jana alileta kampuni moja (siitaji) imwekee waifai. Wakamwambia kwanza lazima ifanywe "savei". Laki tatu. Savei yenyewe ni vijana wawili waliokaa barazani na laptopu, wakapiga picha mlango, wakaenda zao. Baada ya siku mbili ikaja karatasi ya rangi, nyumba nzima kijani kama bonde la mpunga Cheju, na pembeni kwa maandishi hafifu imeandikwa toleo la majaribio. Nikaisoma mpaka chini. Aina ya ukuta: jasi.

Jasi! Kiponda!

Zile ni programu za kukisia. Unachora nyumba, unaichagulia ukuta wa jasi, wa matofali au wa zege, nayo inakwambia mawimbi yatafika wapi. Mawe ya matumbawe ya nusu mita na zaidi hayamo kwenye orodha, sawa. Lakini mtu mwenye macho si angechagua hata zege?

Wakafunga ruta moja mapokezi na ripita nne za kupokezana. Ripita ya redio moja inasikia na kusema kwa redio ileile, kwa hivyo kila inapopokezana kasi inakatika nusu. Zipange nne uone kinachofika juu. Mgeni wa chumba nambari saba kila usiku anateremka kukaa ngazini, na Bi mkubwa ananipigia mie: "Mwanangu, Mjerumani wangu kakaa tena kwenye ngazi. Watu watasema sikumpa kitanda."

Nikasema basi, napima mwenyewe. Hapo ikaanza hasira ya pili, ndiyo ya uzi huu.

Ukiuliza programu huria (yaani msimbo wake uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuuendeleza) ya kuchora ramani ya waifai ndani ya nyumba, unarushiwa orodha ya "kumi bora za bure". Fungua sasa. Hii ya kujaribu siku chache, hii inakuchorea ramani halafu ukitaka kuihifadhi ulipe, hii inataka kwanza ununue kifaa chao. Jamani, bure si huria! Wengine mpaka leo wanaitaja Ekahau HeatMapper. Ilikuwa bure kweli siku zake, ya Windows tu, wenyewe wakaiacha na mambo yakaisha. Msimbo umefungwa, nani ataiendeleza? Ndiyo maana nasema huria, si ubahili wangu (ingawa na ubahili upo).

Zilizo huria kweli nilizozipata zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. WiFiAnalyzer ya Android, iko F-Droid (duka la programu huria), leseni huria ya GPL, inakuonesha chaneli na nguvu za mawimbi vizuri sana. Ramani haichori. Halafu tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu uliyoifungua inaruhusiwa kusaka mitandao mara 4 tu kwa kila dakika 2. Mimi nazunguka vyumba tisa namba imeganda, naiandika daftarini kama kasuku, kumbe nasoma ya chumba nilichotoka! Kuanzia Android 10 kizuizi hicho unakizima kwenye mipangilio ya wasanidi, lakini nani aliniambia? Hakuna.

Nikahamia laptopu ya Windows. Amri yake ya netsh ikanipa nguvu kwa asilimia, si dBm (kipimo cha nguvu za mawimbi, namba ikikaribia sifuri ndiyo nguvu zaidi). Asilimia 60 ya Windows ni dBm -70, kwa sababu wao 100 ni -50 na sifuri ni -100. Daftari zima likabidi nilibadilishe upya. Nikajaribu python-wifi-survey-heatmap, hiyo ni ya Linux, inataka kwanza uisimamishie maktaba ya wxPython. Nilianza kuisimamisha baada ya Isha, adhana ya Alfajiri ikanikuta bado inajijenga na feni ya laptopu inalia kama cherehani.

Iliyonifaa mwisho ni wifi-heatmapper. Inafunguka kwenye kivinjari, unaipa picha ya ramani ya nyumba, unabonyeza ulipo, inapima. Nashukuru kweli kwa walioiandika. Ila inataka ramani ya nyumba, na nyumba za Mji Mkongwe nani anayo? Nimepima kwa tepu siku mbili. Hakuna chumba chenye pembe za mraba mle, vyote vyembamba na virefu, kwa sababu boriti za mkoko haziruki mbali kuliko mita tatu hivi.

Sasa nilichokiona. Mapokezi dBm -38. Upande wa pili wa ukuta mmoja, -54. Ukuta mmoja umekula 16! Zikipungua 10 tu unabaki na sehemu 1 ya 10 ya nguvu, hesabu mwenyewe. Chumba cha saba, ripita zote zimezimwa, -86. Nilisimama mlangoni pake, mlango wazi, -71. Nikapiga hatua moja kando nyuma ya ukuta, -84. Hatua moja! Kumbe mawimbi yanapanda kwa uwazi wa ua na kuingilia milangoni, kutani hayapiti.

Na chumba cha nne, chenye ripita nje ya mlango, simu inaonesha vijiti vyote, -52, ramani kijani kibichi. Nikapima kasi kwa iperf3 (programu ya kupima kasi baina ya kompyuta mbili), laptopu ya mtoto wa dada yangu imechomekwa waya kwenye ruta kule chini: megabiti 3 kwa sekunde. Mgeni anaona vijiti vimejaa na haoni mtandao. Anayekuletea ramani ya nguvu bila kasi kakuletea pambo.

Tena hata hii huria ina ila yake, na ndilo swali langu. Inapaka rangi baina ya nukta mbili kama vile ukuta haupo. Huku -54, kule -38, katikati inatandaza manjano laini, wakati ukweli ni kisu. Nilijaribu QGIS, programu huria ya kuchora ramani, kwa kukisia kwa umbali baina ya nukta, kosa lilelile. Nimelazimika kupima kila nusu mita pande zote mbili za kila ukuta. Kuna mtu kapata programu huria ambayo unaichorea ukuta na ikaheshimu, rangi isivuke? Nataka uliyoitumia kwa mkono wako. Ukinibandikia "kumi bora" nakujibu vibaya.

NYONGEZA, saa nne usiku: Mnaoniuliza kwa nini nisitoboe nipitishe waya. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, si banda la kuku ukachukua dreli ukatoboa. Waya nitaushusha kwa uwazi wa ua, kifaa kimoja kila orofa, kikiangalia milango.

NYONGEZA 2: Wale wa kampuni wamesikia, wamempigia Bi mkubwa. Wanasema ramani yao ni sahihi na kinachokosekana ni ripita ya tano.