Ushauri: paneli mbili za ruta ya video zinapokezana mawasiliano

FundiMawimbi
Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa chumba cha urushaji chenye ruta ya SDI (kifaa cha kuelekeza picha za video, zinazopita kwenye kebo za SDI, kutoka chanzo chochote hadi monita au hewani) ya milango 40 ya kuingilia na 40 ya kutokea, pamoja na paneli mbili za vitufe za modeli moja: ya kwanza ni ya mrushaji matangazo, ya pili ni ya mafundi. Kila paneli ikiunganishwa peke yake inafanya kazi vizuri, lakini zikiwa zote mbili kwenye swichi ya mtandao, moja hupoteza mawasiliano, na baada ya muda hiyo hurudi na mwenzake hupotea. Nimebadilisha kebo na tundu la swichi bila mafanikio. Isitoshe, juzi mtu alibonyeza kitufe kwenye paneli ya mafundi na picha iliyokuwa hewani ikabadilika. Naomba ushauri kwa yote mawili.

KeboFupi
Mkuu, vifaa vinavyopokezana namna hiyo kwa kawaida vinagombania anwani moja ya IP, yaani namba ya kutambulisha kifaa kwenye mtandao. Paneli za modeli moja huweza kutoka kiwandani zikiwa na anwani ileile, na kebo mpya haiwezi kutibu hilo. Chomoa moja, uipe anwani yake ya kudumu, ndipo uirudishe. Kwa mfano, ruta iwe 192.168.10.2, paneli ziwe 192.168.10.3 na 192.168.10.4, na subneti (namba inayoonyesha kuwa vifaa viko kwenye mtandao mmoja) ya zote iwe 255.255.255.0. Ruta usiiachie DHCP (mfumo unaogawa anwani wenyewe), kwa kuwa paneli huitafuta kwa anwani uliyoiandika ndani yake. Siku umeme ukikatika na ruta ikaamka na anwani nyingine, paneli zako zote zitakuwa mapambo ya mezani.

MpangaNjia
Naunga mkono. Kuhusu picha ya hewani, wengi watakuambia ufunge mlango wa kutokea unaopeleka picha hewani kwa kufuli ya programu. Kufuli inasaidia, ila kwenye baadhi ya ruta mtu mwenye programu ya usimamizi anaweza kuilazimisha ifunguke, kwa hiyo mimi siitegemei peke yake. Ninachofanya ni kutoweka kabisa kitufe cha mlango wa hewani kwenye paneli ya mafundi. Wao wapangie mtindo wa kuchagua kwanza mlango wa kutokea, kisha chanzo, ila milango yao iwe ya monita na vinasa tu. Paneli ya mrushaji ipangie mtindo ambao vitufe vyote ni vyanzo vya mlango mmoja. Kama paneli ina kitufe cha kuthibitisha, kiwashe kwa mafundi, ili chaguo lisitekelezwe hadi mtu abonyeze mara ya pili. Kwa mrushaji nisingekiwasha, maana yeye anahitaji kasi.

FundiMawimbi
Nashukuru sana. Anwani zilikuwa zinafanana tarakimu kwa tarakimu, na sasa paneli zote mbili zinawaka kwa pamoja. Limebaki dogo: nimeandika programu ndogo ya kubadilisha njia kupitia mtandao, lakini nikiomba chanzo cha 5 ninapata cha 6. Paneli zenyewe hazina kosa hilo.

KeboFupi
Je, ruta ni ya aina ya Videohub, zile za Blackmagic Design? Itifaki yake (lugha ya amri inazopokea kupitia mtandao), inayopita TCP kwenye poti 9990, huhesabu milango kuanzia 0, ilhali maandishi ya nyuma ya ruta huanzia 1. Toa 1 kwa kila namba unayotuma, ya kuingilia na ya kutokea pia. Ukirekebisha upande mmoja tu, picha sahihi itakwenda kwenye monita isiyo yake.

FundiMawimbi
Ndiyo, ni hiyo. Nilikuwa nimekwisha kurekebisha upande wa kuingilia peke yake, na nilikuwa ninashangaa kwa nini monita ya jirani ndiyo inayobadilika. Sasa kila picha imekaa mahali pake.