Mashine ya kuchanganya oili au fo-stroki: pesa za kikundi zinunue ipi?

Mleta mada, Amu: Kila kikundi cha wavuvi hapa Lamu kikipata fedha za boti, ugomvi ni ule ule. Msimamo wangu nauweka mbele: boti inayotoka kwenda kisiwa cha Kiwayu na kupita, ifungwe fo-stroki, mashine ya nyuma ambayo oili yake hukaa peke yake ndani, haichanganywi na petroli. Tu-stroki, ndiyo hiyo ya kuchanganya oili, ikiwa ya kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) huingiza petroli mpya kwenye silinda tundu la moshi likiwa bado wazi, basi sehemu ya mafuta hutoka mbichi. Ule utando wa rangi chini ya gati ni pesa yako. Na bado kila lita 50 za petroli zataka lita 1 ya oili.

Fundi, Mokowe: Hesabu ni kweli, bwana, lakini umeianzia kwenye dumu. Fo-stroki ina vali, ina pampu ya oili, na oili yenyewe hubadilishwa baada ya saa 20 za mwanzo za kuwaka, kisha kila saa 100. Nani kikundini anaandika saa? Mimi huletewa mashine oili imekuwa nyeusi kama lami, na mwenyewe aniuliza mbona yagonga. Enduro ya 40, tu-stroki ya Yamaha ya farasi 40, naifungua papo hapo ufukweni. Ikizama naiosha kwa maji matamu, naikausha, nikiiwahi yawaka siku hiyo hiyo. Fo-stroki ikizama, maji yashaingia kwenye oili: mwaga, tia, washa, mwaga tena.

Mvuvi, Kizingitini: Mbona uzito hamuutaji? Kwa nguvu hiyo hiyo ya farasi 40, fo-stroki yaweza kuizidi tu-stroki kwa kilo 20. Mashua ya tezi nyembamba, yaani nyuma panapofungwa mashine, yakaa chini nyuma, na kusi likichafuka maji yaingia. Tena ukiilaza kwenye mkokoteni wa punda kwa upande usio wake, oili yapanda kwenye silinda. Sisi twavua kamba miambani, twaenda twasimama. Tu-stroki yatutosha.

Mleta mada, Amu: Hapo pa kwenda na kusimama ndipo tu-stroki inapokula petroli zaidi, ndugu yangu, na ndipo plagi zinapochafuka. Uzito nakubali kwa mashua za mbao. Mwenye tezi nyembamba asilazimishwe. Lakini boti mpya ya faiba yaweza kuagizwa na tezi ya kubeba mzigo huo. Kuandika saa nako ni kazi ya kikundi, si ya mashine, na pesa ya oili itolewe kabla ya samaki kugawanywa. Marekani na Ulaya sheria za moshi zimeziondoa madukani tu-stroki mpya za kabureta. Soko limebaki kwetu.

Fundi, Mokowe: Na spea zimebaki kwetu. Leteni fo-stroki, sikatai. Ila ile ya injekta, inayopuliza petroli bila kabureta, hupimwa kwa kompyuta. Ikizima Kiwayu, kikundi kimempanga nani?